Usiku mmoja wa maji aliomnyima dada yake

Jua bado halijachomoza katika bonde la Mfuruni, kaskazini ya Kirongwe kisiwani Mafia, na Sudi Kombo ameshaingia kwenye mfereji. Maji yanamfika mapajani. Suruali ameikunja kwa matumaini tu, maana imelowa yote.

Anatoa takataka zilizonasa usiku kwenye chekecheke la nondo: makuti, makumbi ya nazi, magugu na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Magugu anayarusha ukingoni. Kandambili anaitundika kwenye tawi la mfuru.

"Mwenyewe atakuja," anasema.

Kwenye tawi hilo zimeshatundikwa nyingine nyingi, na hakuna hata jozi moja iliyokamilika. Yaelekea wenyewe hawana haraka.

Akishamaliza anapanda ukingoni, anashika usukani wa lango, alilolifunga kwa muda tu ili asafishe, na kuuzungusha taratibu. Maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya lango yanaporomoka kwenye ngazi ya zege, na chini yake kitu kinaanza kunguruma. Ndani ya kibanda cha mabati taa inawaka, kwanza nyekundu kama kaa la moto, kisha nyeupe. Mbali kidogo, mashine ya kukoboa mpunga inakohoa na kuitikia.

Huo ndio umeme wa Mfuruni. Wenyeji wanauita umeme wa pangaboi, kwa sababu kinachozungushwa na maji pale chini hakina tofauti kubwa na pangaboi la darini, ila hili ni la chuma na limelazwa majini. Sudi, mwenye umri wa miaka 58, ndiye mwangalizi wake tangu siku ya kwanza. Analipwa na ushirika wa wamwagiliaji shilingi elfu themanini kwa mwezi, pamoja na mpunga kidogo wakati wa mavuno.

Anayetarajia kukuta maporomoko makubwa atasikitika. Mafia haina milima. Mfereji unatoka kwenye ziwa dogo lenye chemchemi na kuteremkia mashambani. Wajenzi wake waliweka ngazi moja ya zege ili maji yasiuchimbe udongo. Kimo cha ngazi hiyo ni cha mtoto wa darasa la tano. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwapatia wanawake mahali pa kufulia.

Ni Baqir, mwenye duka la vipuri Kilindoni, aliyesimama pale siku moja na kusema kwamba maji yale yanaanguka bure. Akamtafuta fundi kutoka bara, wakapima, ushirika ukachanga, na pangaboi likawekwa. Linatoa kilowati mbili na nusu. Zinatosha mashine ya kukoboa mchana, na usiku taa za msikiti na za nyumba zilizo jirani.

Ila kuna jambo moja ambalo Sudi hulieleza kila mgeni anayefika, na analieleza kama mtu anayetoa ushahidi. Maji yakianguka kutoka juu sana, anasema, kidogo yanatosha kuzungusha mtambo. Yakianguka kutoka chini kama hapa, yanatakiwa mengi. Kwa hiyo mwaka wa mvua nzuri yanatosha taa na yanatosha mpunga. Mwaka mbaya, lazima mtu achague.

Uchaguzi wenyewe uko mikononi mwake, kwenye usukani ule ule. Lango likifunguliwa, maji yanashuka, pangaboi linazunguka, na majaruba ya chini yanapata maji. Likifungwa, pangaboi linasimama, lakini maji yanapanda nyuma ya lango hadi kuufikia mchirizi unaokwenda kwenye majaruba machache ya juu. Majaruba hayo hayana njia nyingine ya kunywa.

Jaruba la mwisho kabisa la juu ni la Mwanasiti Kombo. Ni mdogo wake Sudi, wa baba mmoja na mama mmoja.

Leo halina mtu. Limejaa ndago. Usingejua kwamba lina mwenyewe, isipokuwa kwa jambo moja la ajabu: kwa misimu mitatu sasa, jaruba hilo tupu limekuwa likimwagiliwa. Kila wiki Sudi hufunga lango kwa saa kadhaa na kuyapeleka maji kwenye magugu. Ni wiki hii tu ambayo bado hajafanya hivyo, kwa kuwa maji ni machache, mavuno ya Juni yameshika kasi na mashine ya kukoboa haipumziki.

Watu wamemsema, wamechoka. Mwenyekiti wa ushirika, Ussi, ambaye si mtu mkali, anakiri kwamba kila taa zinapozimika ghafla hushika kichwa. Anasema amewahi kumuuliza Sudi kama amepanga kuvuna ndago. Sasa kanuni ya ushirika imewafikisha pabaya: jaruba lisilolimwa misimu mitatu hupewa mtu mwingine. Mkutano ni kesho Ijumaa, baada ya swala. Wanaolitaka wapo, na safari hii Ussi haoni namna ya kuliokoa.

"Sitaki wampe mtu," anasema Sudi. "Akirudi akakuta pana mtu, ndiyo basi tena. Hatarudi."

Mambo yalianza Ramadhani ya mwaka 2022, iliyoangukia Aprili, wakati wa masika. Mwaka ule masika yaliwapita watu wa Mfuruni. Wingu lilikuwa linakuja, linatazama, linaondoka. Ziwa likapungua, na mfereji ukawa unapitisha nusu ya maji yake.

Wengi hawakuona shida sana, maana walikuwa wamepanda mpunga wa muda mfupi na ulikuwa umeshaanza kukomaa. Mwanasiti alikuwa amepanda ushanga. Huo ni mpunga wa zamani, wa mama yao, wenye ganda jekundu na ncha nyeusi, unaochelewa kukomaa, lakini ukipikwa nyumba ya tatu wanajua. Katika bonde zima ni yeye peke yake aliyekuwa bado na mbegu hiyo. Kila mwaka alikuwa akitundika fungu la mashuke juu ya jiko ili moshi uyalinde. Mwaka ule panya walikula karibu nusu ya akiba, naye kwa hasira akapanda yote yaliyobaki.

Kumi la mwisho la Ramadhani likafika. Ilikuwa Ramadhani ya kwanza kwa msikiti wa Mfuruni kuwa na taa za umeme, na habari ilikuwa imefika hadi kijiji cha Bweni. Watu wa Bweni wakatuma salamu kwamba watakuja kuswali nao na kuhitimisha Kurani pamoja. Mfuruni wakafanya mkutano. Swali lilikuwa moja: maji yaende wapi?

Walikubaliana kwa sauti moja kwamba lango libaki wazi hadi Idi. Mwanasiti alikuwapo, upande wa wanawake, na yeye pia alinyoosha mkono. Nani angesimama mbele ya watu katika kumi la mwisho aseme taa za msikiti zizimwe kwa sababu ya mpunga wake?

Baada ya siku chache ushanga ukaanza kuchanua, na jaruba likaanza kupasuka. Kila mkulima wa mpunga anajua maana yake. Ua la mpunga likikosa maji, punje haiingii kiini. Alasiri ya siku ile ambayo usiku wake ulikuwa wa ishirini na saba, Mwanasiti alimfuata kaka yake kwenye lango.

Sudi anayakumbuka maneno yake, ambayo hayakuwa mengi. Alimwamkia, kisha akasema, "Kaka, nataka maji ya usiku mmoja tu."

Akamjibu asubiri Idi.

Mwanasiti akasema, "Haya, kaka." Akaondoka.

Usiku ule wageni wa Bweni walikuja, wakala, wakaswali, wakasifu taa. Wengine walipelekwa kibandani kuliona pangaboi. Sudi alivaa kanzu mpya, akawa anawaeleza.

Anayaeleza haya kibandani, kando ya mtambo. Anachukua kitambaa na kuifuta mashine ambayo haina vumbi.

"Karabai zilikuwapo," anasema. "Darini pale pale msikitini, na mafuta yake. Miaka yote tumeswali kwa karabai, na Mungu hakuwahi kutukataa. Tungeziwasha usiku mmoja, dada yangu akapata maji. Lakini tuliona haya. Wageni wa Bweni wamekuja kuona umeme, watukute na karabai? Nikaona haya mimi. Haya za kipuuzi tu."

Mwezi Juni Mwanasiti alivuna mapepe, yale maganda yasiyo na kitu ndani. Alipepeta ungo kwa ungo, na upepo ukachukua karibu vyote. Hakugomba na mtu. Alifunga vyombo vyake akahamia Kilindoni, na tangu hapo yeye na kaka yake hukutana misibani. Humwamkia shikamoo, naye huitika marahaba, na mazungumzo huishia hapo. Sudi anasema shikamoo hiyo inamuuma kuliko tusi.

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameshakutana na Mwanasiti siku moja kabla, barazani pa duka la Abbasali mjini Kilindoni, anapokaanga vitumbua kila asubuhi. Ana miaka 51, mcheshi, na wateja wake huwatania wakimzidishia maneno. Kwa siku akipata faida ya shilingi elfu saba anashukuru. Alipotajiwa Mfuruni, kijiko kikasimama juu ya kikaango.

Alisema kuhusu maji hana kesi na mtu, mkono aliunyoosha mwenyewe. Hata usiku ule mmoja ameshausamehe, maana kaka yake alikuwa ameshikwa na neno la watu. Kinachomuuma ni kingine.

"Ni shingo yake," alisema. "Kila asubuhi alikuwa anapita kwenye tuta langu kwenda kwenye lango. Jaruba langu liko kushoto, linakauka, mimi nimesimama ndani. Yeye anatazama kulia. Kulia kuna nini? Kuna minazi. Mwezi mzima ndugu yangu anatazama minazi. Angesimama siku moja akasema, dada, naona, basi. Ningelia, ningenyamaza."

Alipoulizwa kama atarudi, alijibu kwa swali: arudi apande nini? Ushanga umekwisha. Mpunga wa dukani hata Kilindoni unapatikana, tena hauhitaji kuinama.

Kwenye kibanda cha mtambo, Sudi anainuka na kuchomoa kitu juu ya boriti. Ni fungu dogo la mashuke, limefungwa kwa uzi wa kitambaa, jembamba kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Ganda jekundu, ncha nyeusi.

Anaeleza kwamba kila wiki alikuwa anafungulia maji jaruba lile bila kujua kwa nini. Mpunga haukuwapo wa kunywa. Alikuwa akimpa dada yake maji, basi, hata kama mwenyewe hayupo na wakati umepita. Kumbe katika yale mapepe zilikuwamo punje chache zilizojaa, zikadondoka, zikajiotea katikati ya ndago msimu kwa msimu, naye hakuziona. Mwaka huu ndipo alipoingia jarubani kwa mara ya kwanza, akavuna shuke moja moja kwa kisu.

Ana wiki mbili nalo fungu hilo. Alipoulizwa kwa nini hajalipeleka Kilindoni, alikuwa na majibu mengi: mavuno, mashine, mtambo hana wa kumwachia, bodaboda zimepanda nauli. Kisha akatoa la mwisho. Akaomba mwandishi alichukue, kwa kuwa anarudi Kilindoni leo hii hii.

Mwandishi alikataa. Badala yake alimweleza habari ya shingo na minazi, neno kwa neno kama ilivyosemwa barazani kwa Abbasali.

Sudi aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nilikuwa naona," alisema. "Nilikuwa naona kwa pembe ya jicho. Ningegeuka nikamtazama, ningefunga lango. Ndiyo maana sikugeuka."

Akasimama, akatoka, akashika usukani wa lango na kuuzungusha hadi mwisho. Maji yakakatika kwenye ngazi. Pangaboi likapunguza mwendo, likalalamika, likasimama. Kwenye mashine ya kukoboa wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kupiga kelele wakitaka kujua leo Sudi ana nini. Akawaambia wavumilie, anakwenda mjini kwa dada yake. Mmoja akauliza na usiku je, msikitini wataona nini.

"Karabai ziko darini," akajibu.

Alipanda bodaboda amevaa suruali ile ile iliyolowa, fungu la mashuke amelitia ndani ya shati. Njiani alimtaka dereva asipite kwenye mashimo kwa fujo.

Mwanasiti alikuwa anakaribia kumaliza unga wa mwisho. Alipomwona kaka yake barazani alifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Kwa kawaida yangeishia hapo. Sudi akatoa fungu, akalinyoosha kwa mikono miwili. Mwanasiti akalitazama bila kulipokea, kisha akalipokea. Akapukuchua punje chache kiganjani, akazisugua, akazinusa. Moja akaivunja kwa meno. Mteja aliyekuwa anasubiri vitumbua akaambiwa ajihudumie mwenyewe.

"Umechanganyika," alisema. Ushanga ulikuwamo, lakini miaka mitatu bila mtu wa kuulinda ulikuwa umeingiliana na mpunga wa majirani. Nusu yake ilikuwa na rangi ya mpunga wa mama yao bila harufu yake.

Sudi akainamisha kichwa. Ungedhani ndiyo kwanza anauona mpunga ule ukikauka.

Mwanasiti akaingia ndani, akatoka na ungo. Akaketi chini, akapukuchua fungu zima, akaanza kuchambua punje kwa punje, hizi huku, hizi kule. Akamwambia kaka yake ashike ungo upande wa pili, usiyumbe. Wakakaa hivyo, vichwa vyao vikikaribia kugusana, na mafuta kwenye kikaango yakaungua bila mtu kujali.

Alikuwa bado anachambua alipouliza, bila kuinua macho, "Ulikuwa unaliona jaruba langu?"

"Nilikuwa naliona," alisema Sudi. "Kila siku nilikuwa naliona, dada."

Mwanasiti akaendelea kuchambua. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na kazi.

Ushanga uliobaki upande wake wa ungo haukujaa kiganja. Alisema ungetosha kitalu kimoja kidogo, na huenda mwaka wa pili mtu akapata jaruba. Zamani mama yao alikuwa akigawa mbegu hiyo kwa pishi, hadi kwa watu asiowajua. Alilisema hilo akiwa anazifunga punje kwenye pembe ya kanga yake, fundo juu ya fundo.

Sudi akamweleza habari ya mkutano wa Ijumaa na watu wanaolitaka jaruba. Akamwomba aje. Akaongeza kwamba asipotaka kuja, yeye ataelewa, na hatamlaumu.

Mwanasiti alizima jiko kwanza. Akamwaga mafuta yaliyoungua, akapangusa kikaango, akaukunja mkeka wake. Aliulizia ndago zimefika wapi, na Sudi akamwonyesha kwa mkono, juu ya goti. Akaulizia kama udongo una maji. Sudi akasema hauna; lango alikuwa amelifunga, lakini mdomo wa jaruba wiki hii alikuwa hajaufungua.

"Basi fungulia leo," alisema dada yake. "Nitapanda gari la alfajiri. Ndago haing'oki kwenye udongo mkavu."

Usiku huo mwandishi alimpigia simu mwenyekiti Ussi kuhakikisha saa ya mkutano. Ussi alitaja saa, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kugomba, kwamba pangaboi limesimama tangu asubuhi, maji yote yanakwenda juu kwa Mwanasiti, na msikitini wameswali Isha kwa karabai.